Tiba ya uraibu wa afyuni kwa njia ya simu: hukumu yake, na mgonjwa aliye mbali

Miongoni mwa mas-ala ambayo wanazuoni waliotutangulia waliijua asili yake lakini hawakuikuta sura yake ya leo ni hili lifuatalo. Mtu amezoea unga wa heroini mpaka mwili wake haukai bila ya huo. Dawa ya kumtibu ipo, na imethibiti kwa matabibu. Lakini dawa hiyo hutolewa mji wa mbali, hutolewa kila siku, na tabibu anayeijua vyema hawezi kumfikia mgonjwa ila kwa simu. Je, inajuzu mtu huyu atibiwe na tabibu asiyekaa naye ana kwa ana? Je, dawa yenyewe ni halali, nayo ni ya jamii ile ile ya kitu anachotaka kukiacha? Na likitokea la kutokea, dhamana ni ya nani?

Ndugu msomaji, tumeliweka suala hili Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, kwa sababu huko masafa si neno la kupamba maelezo, bali ndiyo hoja yenyewe. Tutaanza kwa kueleza ugonjwa na dawa, kisha tutatazama hukumu, kisha tutapima nini simu inaweza kubeba na nini haiwezi.

UGONJWA NA MASAFA

Afyuni, ambayo Waswahili wa zamani waliiita kasumba, ni utomvu wa mmea uitwao mpopi. Kutokana nayo hupatikana mofini, dawa ya hospitali ya kutuliza maumivu makali, na kutokana na mofini hutengenezwa heroini. Kwa miaka mingi heroini ya Afghanistan imekuwa ikisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, baina ya Iran na Pakistan, hadi pwani ya Afrika Mashariki, kisha kwa barabara kuelekea kusini mwa bara. Mji wa Tunduma, mpakani mwa Zambia, umo katika barabara hiyo kuu, na kutoka Tunduma ndiko inakoanza barabara ya kwenda Laela na Sumbawanga. Mzigo haupiti mahali bila ya kumwaga punje. Tena kijana wa Kifipa aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam huweza kurudi kwao na ugonjwa alioupata huko.

Mwili uliozoea heroini ukiikosa kwa saa chache huingia katika hali ambayo vijana huiita arosto: mifupa huuma, tumbo huendesha, jasho na baridi huja pamoja, usingizi hukatika. Mgonjwa hatafuti tena starehe. Anatafuta kuondokewa na adhabu. Hapa ndipo wengi hukosea wanapolihesabu jambo hili kuwa ni utovu wa adabu peke yake. Mwanzo wake ni maasi, ndiyo, lakini mwisho wake ni maradhi, na maradhi hutibiwa.

Tanzania Bara ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni mwezi wa Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwananyamala ilifuata 2012, Zanzibar 2015, na Mbeya 2017, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kenya ilianza Nairobi mwezi wa Desemba 2014. Katika kliniki hizo za mwanzo, ile iliyo jirani na Rukwa ni ya Mbeya. Na jirani huyo yuko wapi? Kutoka Sumbawanga mjini mpaka Mbeya kwa njia ya Tunduma ni kilomita zipatazo 330. Aliye Kirando au Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, au Muze, chini katika bonde la Ziwa Rukwa, ana safari nyingine ya kufika Sumbawanga kabla hajaanza hiyo.

Sasa zingatia kwamba dawa ni ya kila siku. Mwenye kwenda Mbeya na kurudi siku moja hana nafasi ya kulima, kuchunga wala kuuza. Basi mgonjwa huyu hubakiwa na mambo mawili: ahame na kupanga chumba Mbeya, mbali na wazazi na mkewe, au abaki kwao bila ya dawa. Sensa ya 2022 iliuhesabu Mkoa wa Rukwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Si haki kuwaambia watu wa idadi hiyo kwamba yeyote miongoni mwao akipatwa na ugonjwa huu, dawa yake ni kuhama.

DAWA ZENYEWE

Dawa zinazotumika zaidi ni mbili, nazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Ya kwanza ni methadoni. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na katikati ya miaka ya 1960 matabibu Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York waliionyesha kuwa tiba ya waraibu wa heroini. Ni maji ya kunywa. Hukaa mahali pale pale mwilini ambapo heroini ingekaa, lakini huingia polepole na hutosha kwa saa 24 au zaidi. Mgonjwa aliyepimiwa kiasi chake sawasawa halewi. Anafanya kazi, anasali, analea watoto. Hatari yake ni kwamba hujilimbikiza mwilini. Kiasi kilichoonekana kidogo siku ya kwanza huweza kuwa kikubwa siku ya nne, na ikizidi huzuia pumzi. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo zinataka uangalizi wa karibu, na kwa desturi mgonjwa hunywa mbele ya macho ya muuguzi.

Ya pili ni buprenofini, kidonge kinachoyeyushwa chini ya ulimi. Nguvu yake ina kikomo: hata kiasi kikiongezwa, athari yake juu ya pumzi haiongezeki kwa mfano ule, ila mtu akiichanganya na pombe au dawa za usingizi. Kwa hiyo ni salama zaidi kupewa mgonjwa akaenda nayo nyumbani. Sharti lake ni kwamba aliyetumia heroini asianze mpaka arosto imeshamwingia, kwani akiitangulia, dawa yenyewe itamtia arosto kali kwa ghafla. Ipo pia sindano ya buprenofini inayokaa mwilini mwezi mzima.

Ufaransa iliwaruhusu matabibu wa kawaida kuandika buprenofini mwaka 1995. Kufikia 1999 vifo vya waliozidisha dawa nchini humo vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 80. Somo lake ni wazi: faida ya dawa hizi imo katika kumfikia mgonjwa pale alipo.

JE, SI ULEVI KWA JINA JINGINE?

Hili ndilo swali la kwanza la wazazi, na wako wanaomwambia kijana aitupe chupa ya methadoni ili toba yake itimie. Tulijibu kwa utaratibu.

Uharamu wa ulevi hauna shaka. Umekuja katika Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, na katika hadithi sahihi inayofanya kila chenye kulevya kuwa haramu. Imepokewa pia katika Sunan ya Abu Daud, kutoka kwa Ummu Salama, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kila chenye kulevya na chenye kulegeza mwili. Wanazuoni wameiingiza bangi na afyuni katika makatazo hayo. Upande wa pili, zipo hadithi zinazoamrisha kutafuta tiba na kueleza kuwa Mwenyezi Mungu hakushusha maradhi bila ya kuyashushia dawa.

Namna gani pande hizi mbili zinakutana? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu na miji ya bara iliyofuata njia za misafara, walitofautisha baina ya pombe ya maji na vitu vikavu vinavyoondoa akili, kama bangi na afyuni. Imam Nawawi (aliyefariki 676H) ameeleza kujuzu kutumia vitu vya aina hii ya pili pale mgonjwa anapohitaji kukatwa kiungo kilichooza. Sababu iliyozingatiwa ni haja ya tiba, na kiasi kikawa ni kile cha haja. Daktari wa leo anayempa mofini mgonjwa wa saratani amesimama juu ya msingi huo huo.

FAT-WA YA MWANAZUONI WA MAKKA

Lakini tunalo jambo lililo karibu zaidi na mas-ala yetu. Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni mkubwa wa Kishafii aliyekaa Makka (909–974H, yaani 1504–1567), aliulizwa kuhusu mtu aliyepatwa na mtihani wa kula afyuni na mfano wake mpaka akawa asipoila ataangamia. Jibu lake lilikuwa hivi kwa maana yake: ikijulikana kwa yakini kuwa hali ni hiyo, basi inamhalalikia, bali inamlazimu, kwa sababu anaiokoa roho yake, kama aliyeshikwa na njaa na hana ila mzoga. Kisha akaongeza sharti: ni wajibu juu yake kupunguza kidogo kidogo mpaka mwili wake uache kuitamani bila ya kushituka, na akiacha kufanya hivyo anapata dhambi. Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki 1252H, yaani 1836), katika kitabu chake Radd al-Muhtar, ameinukuu fat-wa hiyo, na akataja kauli ya Khayr ad-Din ar-Ramli kuwa kanuni za Kihanafi haziipingi.

Tazama, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka 450 iliyopita, kabla ya heroini kuwapo duniani, mwanazuoni huyu ametofautisha baina ya mwenye kuanza ulevi na mwenye kufungwa nao. Hakumwambia wa pili aache leo. Alimwekea njia.

Wapo watakaotoa hoja mbili juu ya fat-wa hii, na zote zinafaa kujibiwa.

Hoja ya kwanza: Sheikh ameshurutisha kuangamia, na matabibu wanasema arosto ya heroini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kumuua. Jibu ni kwamba linaloua ni lile linalokuja baadaye. Aliyeacha kwa siku chache mwili wake husahau uzoefu wake. Akirudia kwa kiasi chake cha zamani, nacho ndicho anachokijua, pumzi hukatika. Kuna pia maradhi ya Ukimwi na homa ya ini yanayopita katika sindano za kushirikiana. Makadirio ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2014 yalitaja watu wapatao 30,000 nchini wanaojidunga. Katika mambo ya maradhi, mafakihi huitegemea dhana yenye nguvu kwa kauli ya tabibu mwaminifu, kama wanavyoitegemea katika kufungua Ramadhani na katika kutayamamu. Tena methadoni iliyoandikwa na tabibu na kupimwa si sawa na unga wa vichochoroni. Ni dawa iliyotolewa kwa haja, na kwa dawa za namna hii haja inatosha hata kabla ya kufikia dharura.

Hoja ya pili: Sheikh amewajibisha kupunguza, na kliniki huwaacha wagonjwa wakiendelea miaka kadhaa. Hapa tunasema kwamba kuhama kutoka kwenye unga usiojulikana umechanganywa na nini, na kuingia katika kiasi kinachopimwa na kutolewa bila ya sindano, ni hatua ya kwanza ya huko kupunguza, tena kubwa. Hatua zilizobaki mwendo wake huamuliwa na tabibu, kwa sababu lengo la sharti ni mtu atoke akiwa hai. Uzoefu wa matabibu ni kwamba wanaoharakishwa kuacha wengi hurudia, na baadhi yao hufa. Anayetaka kupunguza na apunguze pamoja na tabibu wake. Asiyeweza bado yumo katika hali ile ile iliyomhalalishia mwanzo. Na toba haipingani na dawa: toba ni ya moyo na imeshapatikana siku aliyotia nia na kutafuta tiba.

DAWA KUMFUATA MGONJWA SI BIDAA

Mwanzoni mwa karne ya nne Hijria, huko Baghdad, waziri Ali bin Isa alimwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit (aliyefariki 331H, yaani 943). Alimtaka apeleke matabibu magerezani kila siku, kisha akamtaka apeleke wengine katika vijiji vya Sawad ya Iraq, wakiwa na sanduku la dawa, wakae kila mahali kwa kadiri ya haja kisha waendelee mbele, kwa sababu huko wamo wagonjwa na hakuna tabibu. Sinan alipouliza kuhusu sehemu ambayo wengi wa wakazi wake si Waislamu, waziri hakuizuia tiba isiwafikie. Maneno haya yanaihusu Ufipa, ambako Waislamu si wengi: huduma hii ni ya kila mgonjwa.

Kutokana na habari hii tunapata kitu cha kuzingatia. Waziri hakutosheka na kuwatumia wanavijiji barua ya mawaidha ya afya. Alipeleka vitu viwili pamoja, yaani tabibu na sanduku. Simu ya leo hupeleka kimoja tu kati ya viwili hivyo.

SIMU HUBEBA NINI?

Tiba mtandao, yaani kumhudumia mgonjwa kwa simu ya sauti au ya picha, ilipanuka sana wakati wa maradhi ya UVIKO-19. Mwezi wa Machi 2020 Marekani iliwaruhusu matabibu kumwanzishia mgonjwa buprenofini kwa simu bila ya kumwona kwanza, na wagonjwa wa methadoni waliotulia wakaruhusiwa kuchukua nyumbani dawa ya hadi siku 28. Utafiti uliofanywa huko baadaye haukuonyesha kuwa sehemu ya buprenofini katika vifo vya waliozidisha dawa iliongezeka, na miongoni mwa wazee na walemavu wenye bima ya serikali, waliohudumiwa kwa simu walidumu zaidi katika tiba. Kanuni ya Februari 2024 ikaweka mpaka: buprenofini huweza kuanzishwa hata kwa simu ya sauti, lakini methadoni haianzishwi ila kwa simu ya picha au ana kwa ana. Mpaka huo hauko bure. Unafuata hatari ya kila dawa.

Kwa mgonjwa wa Ufipa, basi, simu huweza kubeba mambo haya: kuulizwa historia yake na tabibu mjuzi, kutazamwa mboni, jasho na mtetemeko kwa picha ili ijulikane arosto imefikia wapi, kupangiwa kiasi na kubadilishiwa, nasaha za kila wiki kwake na kwa jamaa zake, na kuulizwa hali katika zile siku ambazo wengi huanguka.

Mambo ambayo simu haibebi ni haya: dawa yenyewe, kipimo cha mkojo na damu, jicho linaloona kwamba kilichomiminwa kimemezwa, na mkono wa kumgeuza ubavu na kumpa naloksoni, dawa inayorudisha pumzi, aliyezidisha. Kwa ufupi, simu hubeba elimu, na haibebi amana. Amana hutaka mtu aliye karibu.

Kwa hiyo sura inayoswihi, kwa fikra zetu, ni ya mikono miwili. Tabibu bingwa awe kliniki ya Mbeya au kwengineko, na muuguzi au mfamasia aliyefunzwa awe katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Sumbawanga, na baadaye katika hospitali za wilaya kama Namanyere na Matai, akiwa na dawa iliyofungiwa kabatini na daftari la kila tone. Bingwa aamue kwa simu, muuguzi atoe kwa mkono. Hivyo mgonjwa wa Sumbawanga hufuata dawa yake kwa mguu, na anayetoka Kirando hupata njia ya buprenofini ya siku kadhaa pindi tabibu akiridhika naye. Dawa hizi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na haijuzu kwa mtu kuziagiza kwa njia za panya kwa hoja ya dharura, maadamu njia ya halali inaweza kufunguliwa.

DHAMANA YA TABIBU

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, anayejitia kutibu na hali hajulikani kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Na mwaka 319H, yaani 931, baada ya mtu mmoja kufa Baghdad kwa kosa la mganga, Khalifa al-Muqtadir aliamrisha asitibu mtu mpaka apimwe elimu yake na Sinan bin Thabit, yule yule tuliyemtaja. Mafakihi wakakubaliana kwamba tabibu mjuzi, aliyeruhusiwa na mgonjwa na asiyezembea, hadhamini lililotokea bila ya kosa lake.

Ukiiweka kanuni hii juu ya simu utapata yafuatayo. Kwanza, mgonjwa ana haki ya kujua anayezungumza naye ni tabibu aliyesajiliwa. Sauti katika simu si ushahidi, na walaghai wa simu tunawajua. Pili, kuandika dawa kwa simu pale ambapo elimu ya tiba inataka mgonjwa aonekane ni uzembe, na uzembe una dhamana. Tatu, muuguzi aliye karibu naye ni mwenye amana kwa sehemu yake: akimpa dawa mgonjwa aliyekuja amesinzia au ananuka pombe, hawezi kumtupia lawama bingwa wa Mbeya. Nne, mgonjwa anayeficha alichokunywa anajidhulumu, na hilo haligeuki kuwa kosa la tabibu.

AMANA NYUMBANI NA SITARA

Dawa ikiruhusiwa kwenda nyumbani, chupa yake si kama chupa ya dawa ya kikohozi. Dozi moja ya mtu mzima humuua mtoto mdogo. Ni wajibu ifungiwe, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana, mama, mke au kaka, si kwa mgonjwa peke yake katika miezi ya mwanzo. Kuiuza au kumgawia rafiki mwenye arosto, hata kwa huruma, ni khiyana na huweza kuwa kuua.

Upande wa pili ni sitara. Pengine simu ni moja kwa nyumba nzima, na ujumbe wa kliniki ukisomwa na mpitaji, siri imetoka. Kijana akishaitwa teja mbele ya kijiji, kazi hapati na mke hapati, na njia ya kurudi kwenye unga ni fupi. Kumsitiri Muislamu ni jambo lililohimizwa, na sheria ya nchi pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imezilinda habari za afya. Kliniki ipange saa ya kupiga, itumie maneno yasiyofichua, na iulize kwanza kama mgonjwa yuko peke yake.

FUNGA YA RAMADHANI

Mgonjwa anayefunga hukutana na taabu ya peke yake: kliniki hutoa dawa asubuhi, naye hali mchana. Akiacha dozi ili afunge, arosto inamwingia, na wengi huishia kurudia. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, na haipasi kuionea haya. Lakini kwa kuwa dozi moja hutosha siku nzima, anayetaka kufunga azungumze na tabibu tangu Shaaban, ili saa ya dawa isogezwe mpaka baada ya magharibi au wakati wa daku. Hapa tiba mtandao ina faida iliyo wazi: muuguzi huweza kumwona kwa simu ya picha akinywa dozi yake baada ya kufuturu, na si lazima mlango wa kliniki uwe wazi usiku.

Ama buprenofini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha 10, Jeddah 1997, liliona kuwa kidonge cha maumivu ya kifua kinachowekwa chini ya ulimi hakifunguzi, kwa sharti kwamba mtu asimeze kilichofika kooni. Kidonge cha buprenofini huyeyuka kwa dakika kadhaa na mara nyingi humezwa pamoja na mate, kwa hiyo kukitumia usiku ndiko kwenye kujitoa katika shaka. Sindano ya mwezi haimo katika taabu hii, kwani Baraza hilo hilo liliona kuwa sindano isiyo ya lishe haifunguzi.

WAJIBU NI WA NANI?

Imam Ghazali (aliyefariki 505H) katika Ihyaa alilalamika kuwa miji ilijaa wanafunzi wa fiqhi na hakuna Muislamu aliyejifunza utabibu, ingawa utabibu ni fardhi kifaya: wakiusimamia baadhi, wengine wameokoka, wasipoupata wa kuusimamia, dhambi ni ya wote. Malalamiko hayo yanatufikia sisi. Mtu mmoja aliye Sumbawanga akijifunza kutoa dawa hii kwa uaminifu, ameliondolea eneo zima deni. Asipopatikana hata mmoja, haitutoshi kusema kwamba mtandao upo.

Maimamu nao wana sehemu yao: wasimwamrishe mgonjwa kuacha dawa bila ya tabibu. Matajiri wana sehemu yao: nauli na chakula cha mgonjwa masikini ni mahali pake pa zaka, kwa umasikini wake. Na wazazi wana sehemu yao, nayo ni kumpeleka mtoto mapema, kabla ya kumzungusha kwa waganga mpaka mali imekwisha.

Muhtasari wa tuliyoyaeleza ni huu. Kutibu uraibu wa afyuni kwa methadoni au buprenofini chini ya tabibu mjuzi kunajuzu, na huweza kuwa wajibu kwa anayehofiwa kuangamia. Kufanya ushauri, uamuzi na ufuatiliaji wake kwa simu kunajuzu kwa masharti ya ujuzi, ruhusa na kutozembea. Kutoa dawa kunabaki kuwa amana ya mkono ulio karibu, na kuutafuta mkono huo ni fardhi juu ya jamii. Mwenye mas-ala mahsusi awaulize pamoja tabibu wake na mwanazuoni anayemwamini. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.